Gari la Kale Lililolala Miaka Mingi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Banda likifunguliwa na gari la kale likaonekana chini ya vumbi, wanaokimbilia kwanza huja na betri mpya na dumu la petroli. Uharibifu mwingi huanzia hapo. Miaka yote ile kutu ilikuwa ikila kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya gari ilikuwa bado imesalimika. Lakini dakika tano za kulazimisha injini iwake zinaweza kuvunja kilichokuwa kizima, na wiki moja ya msasa inaweza kufuta alama ambazo hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Dhana hizi nazisikia zikirudiwa kwa nia njema kabisa, na ndiyo sababu inaniuma zaidi, kwa kuwa zinazoathirika ni mashine ambazo hazitatengenezwa tena.

Dhana: Tia betri, tia mafuta, piga stata. Likiwaka, limepona.

Injini iliyolala haikulala tupu. Unyevu wa hewa huingia kupitia vali zilizobaki wazi, ukatua kwenye ukuta wa silinda, na ringi za pistoni zikashikana na chuma kwa kutu nyembamba isiyoonekana kwa nje. Vali nazo hunata kwenye njia zake. Sasa stata haijui upole. Ikizungusha kwa nguvu, ringi huvunjika, fimbo za kusukuma vali hupinda, na ile kutu hukwaruza silinda iliyokuwa laini. Kazi iliyohitaji subira ya wiki mbili inageuka kuwa injini ya kufunguliwa yote.

Njia ya salama ni ya polepole. Toa plagi zote. Tia mafuta ya kupenya ndani ya kila silinda. Mafundi wengi huchanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, wakijihadhari na moto kwa kuwa asetoni hushika upesi. Acha yaloweke siku kadhaa, ukiongeza kila yanapopungua. Kisha fika na spana kwenye bolti ya mbele ya krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, uzungushe kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikigoma, usiongeze bomba refu kwenye spana. Ongeza siku. Ukiweza kupata kamera ndogo ya kupitisha kwenye tundu la plagi, itakuonyesha ukuta wa silinda bila kufungua chochote.

Ikishazunguka yote kwa mkono, mwaga oili ya zamani, weka mpya na chujio jipya, halafu zungusha kwa stata plagi zikiwa nje mpaka presha ya oili ionekane. Hapo ndipo unapofikiria petroli, na si ile iliyo tangini. Petroli ya miaka mingi hugeuka utomvu unaonuka kama vanishi na kuziba vitundu vya kabureta, na tangi lenyewe huwa na kutu inayobanduka vipande vipande. Kwa mara ya kwanza lishe injini kutoka kopo dogo safi lililofungwa vizuri, mbali na joto.

Na hata likiwaka, bado halijapona. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani. Maji hayo hushusha kiwango cha kuchemka na kuotesha kutu ndani ya silinda za magurudumu. Mipira ya breki hufura kwa ndani huku kwa nje ikionekana mizima; unakanyaga, breki inashika, unaachia, haiachi. Gari lisitoke hata mita kumi kabla mfumo wote wa breki haujafunguliwa na kuangaliwa. Ukifungua, usipulize vumbi la zamani kwa kompresa: viatu vya breki vya miaka hiyo mara nyingi vina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Dhana: Kulirejesha gari ni kulifanya jipya.

Hii ndiyo dhana iliyoharibu magari mengi zaidi kuliko mvua, na nitakaa nayo.

Watu huona rangi iliyofifia, ngozi ya viti yenye nyufa, krome yenye madoa, wakasema: vua yote, paka upya, shona upya. Gari likitoka linameta, majirani wanashangilia. Lakini kilichotoka ni nini? Rangi si ile iliyopuliziwa kiwandani. Ngozi haina tena alama ya mikono iliyoshika usukani kwa miaka 30. Bolti zenye chapa ya mtengenezaji zimeingia kwenye ndoo, mahali pake pana bolti za dukani. Umbo limebaki, na ushahidi umeondoka.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina hati inayoitwa Hati ya Turin. Inafuata fikra za Hati ya Venice ya 1964, ile inayohusu majengo ya kale, na inatenganisha mambo ambayo gereji nyingi huyaita kwa jina moja: kulitunza gari lilivyo, kuzuia uchakavu usiendelee, na kurejesha kilichopotea. La mwisho ni kwa pale tu ambapo kitu hakipo au hakifai tena. Fikra yenyewe ni kwamba gari ni waraka. Ukuta wa ngome ya kale ukipasuka, hatuubomoi ili tujenge mwingine unaofanana nao.

Soko nalo limekubali. Mwaka 2014 magari yapatayo 60 ya mkusanyaji Roger Baillon yalikutwa kwenye mabanda magharibi mwa Ufaransa, mengine yameliwa na kutu kiasi cha kusikitisha. Miongoni mwao ilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 ambayo mwigizaji Alain Delon aliwahi kupigwa picha akiwa ndani yake, imefunikwa kwa marundo ya magazeti. Waliosimamia mauzo hawakuliosha hata vumbi. Februari 2015, mnadani Paris, ilinunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Na mwaka 2024, katika maonyesho ya Pebble Beach huko California, yanayofanyika tangu 1950, tuzo kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 Sports ya 1934 iliyowahi kumilikiwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji. Lilikuwa gari la kwanza la kundi la yaliyohifadhiwa bila kurejeshwa kupata tuzo hiyo. Rangi yake nyeusi ina makovu, na hakuna aliyethubutu kuyafuta.

Sisemi kila gari liachwe na madoa yake. Nasema kabla ya msasa kugusa bodi, jaribu kuokoa kilichopo. Rangi nyingi za kabla ya miaka ya 1980 ni za tabaka moja, hazina ule utando wa juu usio na rangi. Utaijua ukiifuta kwa kitambaa cheupe chenye polishi: kitambaa kitabeba rangi ya gari. Ule ungaunga mweupe unaoonekana kama kifo cha rangi ni sehemu ya juu tu iliyochomwa na hewa na jua. Chini yake mara nyingi rangi bado ina uhai. Osha kwa sabuni laini, paka polishi yenye mafuta, iache inywe usiku kucha, kisha sugua kwa mkono na kitambaa laini. Si kwa mashine, kwa sababu kwenye kingo na mikunjo rangi ni nyembamba mno na mashine inafika kwenye chuma kwa sekunde chache. Sijaona kazi nyingine inayonifurahisha kama kuona wekundu ukirudi chini ya kiganja.

Ngozi kavu hali kadhalika. Hailoweshwi, husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo na kulainishwa kwa awamu. Mshono uliofumuka hushonwa ulipofumuka, kwa kupitia matundu yale yale.

Dhana: Kutu yote ing'olewe, na dawa yake ni kupulizia mchanga.

Mchanga wa kompresa unafaa kwenye chuma kinene. Kwenye bati jembamba la mlango au boneti, mapigo yake hulitanua bati likajipinda, na halinyooki tena kirahisi. Chembe huingia kwenye maungio na kukaa humo. Jambo la kusikitisha zaidi ni maandishi: namba ya chasisi iliyogongwa kidogo inaweza kufifia mpaka isisomeke, na alama za chaki ambazo wafanyakazi wa kiwandani waliandika ndani ya milango hupotea moja kwa moja.

Kutu ya juujuu inaweza kutulizwa kwa asidi ya fosforiki, inayoigeuza kuwa fosfati ngumu, kisha ikafunikwa kwa nta. Vipande vidogo vinaweza kulowekwa kwenye asidi ya sitriki au kusafishwa kwa umeme ndani ya maji yenye magadi.

Ila hapa sina huruma: kutu iliyotoboa chasisi, maungio ya springi au mahali mikanda inapofungwa haihifadhiwi. Inakatwa, na chuma kizima kinachomelewa. Uhalisia wa gari haupimwi kwa uhai wa aliye ndani yake.

Dhana: Umeme wa volti 6 ni dhaifu, lazima ubadilishwe kuwa volti 12.

Magari haya yalikuwa yakiwaka asubuhi za baridi kali yakiwa mapya. Kinachobadilika ni waya. Taa ya wati 36 hutumia ampea 6 kwenye volti 6, lakini ampea 3 tu kwenye volti 12. Kwa hiyo mfumo wa volti 6 unahitaji waya nene na maungio masafi. Mtu akifunga kebo nyembamba za betri zilizokusudiwa gari la kisasa, stata inasota, na lawama zinaangukia volti. Safisha sehemu waya wa ardhi, ule unaounganisha betri na bodi, unapokutana na chasisi, rudisha kebo nene, uone.

Angalia pia upande wa ardhi. Magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Ukiunganisha betri kwa mazoea unaweza kuunguza kifaa chochote chenye diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

Dhana: Injini ya kale haiwezi kutumia petroli isiyo na risasi.

Risasi, yaani madini yaliyotiwa kwenye petroli, ilikuwa, pamoja na mengine, ikikinga viti vya vali (mahali vali inapokalia ikifunga) vya chuma laini visichimbike. Algeria ndiyo nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo ya magari, Julai 2021, kwa hiyo swali hili ni la kila mwenye gari la kale. Jibu halitishi. Kuchimbika kwa viti hutokea hasa injini inapofanya kazi nzito kwa kasi kubwa kwa muda mrefu. Vichwa vya silinda vya alumini huwa tayari vina viti vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Gari linaloendeshwa taratibu siku chache kwa mwezi linaweza kwenda miaka bila tatizo. Pima nafasi ya vali mara kwa mara. Ikianza kupungua haraka, ndipo kichwa kifunguliwe na viti vigumu viwekwe. Kukifungua kabla ya hapo ni kuvuruga kitu kizima.

Dhana: Tairi halina kipara, basi ni zima.

Mpira huzeeka hata usipoguswa. Tazama namba ya tarehe ubavuni: tangu 2000 ni tarakimu nne, wiki na mwaka, hivyo 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Zikiwa tarakimu tatu, tairi ni la kabla ya 2000. Litumie kulisukuma gari ndani ya banda, si barabarani.

Dhana: Likishapona, liwashwe dakika tano kila wiki.

Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takriban lita moja ya maji. Injini ikipata moto wa kutosha, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Ikizimwa baada ya dakika tano, yanabaki kwenye ekzosi na ndani ya oili, na kutu inaanza upya. Ama liendeshe mpaka lipate moto kamili na kukaa nao, ama liache litulie likiwa na oili safi, ndani ya banda kavu linalopitisha hewa, limefunikwa kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la plastiki hufungia unyevu humo humo.

Dhana: Kifaa kikibadilishwa, cha zamani ni takataka.

Kabureta iliyovunjika bado ina namba yake. Kipande cha kapeti kilichooza bado kinaonyesha ufumaji na rangi kamili iliyojificha chini ya kiti, na atakayefuata kulimiliki gari anaweza kuwa na uwezo ambao wewe huna leo. Piga picha kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, vumbi likiwa juu yake. Kagua chini ya viti na nyuma ya dashibodi kabla ya kufagia. Risiti, stika za huduma na vitabu vya mwongozo hukaa humo miongo mingi. Halafu chukua makopo, na juu ya kila kopo andika bolti zimetoka wapi, upande gani, na ile fupi kuliko wenzake ilikuwa tundu la ngapi.