Walikamata kwanza, ushahidi wakautafuta baadaye: dhana potofu kuhusu kesi ya Dajaz1

Mwishoni mwa Novemba 2010, wapenzi wa hip hop waliofungua Dajaz1.com hawakukuta nyimbo wala habari za wasanii. Walikuta tangazo lenye nembo za serikali ya Marekani, likisema jina la tovuti hiyo, yaani anwani yake ya mtandaoni, limekamatwa. Lilikuwa miongoni mwa majina 82 yaliyochukuliwa siku hizo na ICE, idara ya uhamiaji na forodha ya nchi hiyo, katika msako dhidi ya bidhaa bandia na kazi za wizi mtandaoni. Mengi kati ya hayo yalikuwa maduka ya bidhaa feki. Dajaz1 ilikuwa blogu ya muziki.

Kesi hiyo ni ya zamani sasa, lakini kila mjadala wa uharamia wa muziki unapozuka nasikia maneno yaleyale, na mengi si kweli.

Dhana: Serikali haiwezi kufunga tovuti bila kuwa na ushahidi mkononi.

Inaweza, na ilifanya hivyo. Ofisa wa ICE aliandika hati ya kiapo, akaipeleka kwa hakimu huko California, na hakimu akatoa kibali. Upande wa pili haukuitwa wala kusikilizwa. Hati hiyo ilitegemea sana maelezo ya RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, na ilitaja nyimbo chache tu kama mifano.

Lililoniuma zaidi lilijulikana Mei 2012, nyaraka za mahakama zilipowekwa wazi baada ya watetezi wa uhuru wa habari kuzidai. Serikali ilikuwa imeomba muda wa nyongeza zaidi ya mara moja, na moja ya sababu ilikuwa kwamba sampuli za yaliyomo kwenye tovuti zilipelekwa kwa wenye hakimiliki wazikague, na majibu hayajarudi. Yaani miezi mingi baada ya kuichukua tovuti ya mtu, dola ilikuwa bado inamsubiri mlalamikaji athibitishe malalamiko yake mwenyewe. Mlalamikaji akiachiwa kasi ya kesi namna hiyo, mshtakiwa atakimbilia wapi?

Dhana: Kama nyimbo zilikuwa hazijatoka rasmi, basi ziliibwa.

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na redio, ma-DJ au mablogu ya muziki anajua promo inavyopigwa. Wimbo mpya hutumwa kabla ya siku yake ili usikike na watu wauulizie. Ndivyo ilivyo kwetu Dar na Nairobi, na ndivyo ilivyokuwa New York. Mwendeshaji wa Dajaz1 aliwaonyesha waandishi wa New York Times barua pepe ambamo wafanyakazi wa lebo na mawakala wa matangazo walimtumia baadhi ya nyimbo zilezile zilizotajwa kwenye hati ya kiapo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ndani ya kampuni moja, idara ya masoko inatuma wimbo ili usambae, na wanasheria wanauona umesambaa wanasema umeibwa. RIAA kwa upande wake ilishikilia kwamba tovuti hiyo ilijulikana kwa viungo vya nyimbo zilizovuja kabla ya wakati. Huenda baadhi zilivuja kweli. Lakini kutenganisha uliotumwa na uliovuja ni kazi ya mahakama, pande zote mbili zikiwepo.

Dhana: Mwenye tovuti alikuwa na nafasi ya kujitetea.

Kwenye maandishi ya sheria, ndiyo. Sheria ya Marekani inaiwekea serikali muda maalumu: mwenye mali akidai mali yake, ama kesi ya kutaifisha ifunguliwe au mali irudishwe. Wakili wa Dajaz1 alisubiri kesi hiyo. Haikufunguliwa. Alipouliza, aliambiwa muda umeongezwa na mahakama, lakini maombi na amri zenyewe ni za siri, hawezi kupewa. Utapingaje karatasi usiyoruhusiwa kuisoma?

Tarehe 8 Desemba 2011 jina lilirudishwa. Kesi ya kulitaifisha haikuwahi kufunguliwa. Blogu ya muziki huishi kwa upya wa habari, na hii ilikuwa imekosa anwani yake kwa zaidi ya mwaka mzima.

Dhana: Kukamata jina ni kuzima wizi.

Jina la tovuti ni kama kibao cha duka. Ukiking'oa, bidhaa zinabaki ndani. Mafaili hukaa kwenye seva, na seva haiguswi. Tovuti ya michezo ya Kihispania, Rojadirecta, ambayo mahakama za Hispania zilikuwa zimeona haivunji sheria, ilikamatwa majina yake mapema 2011, nayo ikaendelea kwa majina mengine. Ilirudishiwa yake Agosti 2012.

Na kibao kikishang'olewa kwa haraka, jirani naye huumia. Februari 2011, katika msako mwingine wa ICE uliohusu picha za unyanyasaji wa watoto, lilikamatwa jina la mooo.com, ambalo chini yake watu wengi walikuwa na anwani zao ndogo. Anwani zipatazo 84,000 zikaanza kuonyesha tangazo la kosa hilo zito. Fikiria mtu mwenye biashara yake ndogo, wateja wanafungua ukurasa wake na kukuta maneno hayo.

Dhana: Haya ni ya Wamarekani, hayatuhusu.

Majina yote yanayoishia na .com yanasimamiwa na kampuni moja, Verisign, yenye makao yake Virginia. Amri ya mahakama ikifika pale, jina linaelekezwa kwingine, hata kama mwenye tovuti yuko Mwanza, seva iko Ujerumani na wasomaji wako Mombasa. Ndiyo maana tovuti ya Kihispania ilifikiwa kirahisi. Majina ya .tz yanasimamiwa Tanzania kwenyewe na ya .ke na KeNIC ya Kenya, kwa hiyo hayapitii mlango huo, ingawa nayo yana sheria za nchi zake za kutii.

Dhana: Anayelalamikia ukamataji anatetea maharamia.

Nataka msanii alipwe, na alipwe vizuri. Blogu kama ile ndizo zilizowatambulisha wasanii wachanga ambao redio kubwa haziwapigi, kwa hiyo ilipozimwa nao walipoteza jukwaa.

Kwa anayeendesha blogu ya muziki leo: kila wimbo unaotumiwa kwa ajili ya promo, hifadhi barua pepe au ujumbe ulioambatana nao, wenye tarehe na jina la aliyetuma, na uweke nakala nje ya tovuti yako. Mwendeshaji wa Dajaz1 aliweza kusema "nilitumiwa" na watu wakamsikiliza kwa sababu barua zake alikuwa nazo.