Uanaume wa dancehall na utaifa wa Jamaika

Uanaume wa dancehall, muziki wa Jamaika wa kughani juu ya mdundo, ni urijali unaotangazwa hadharani, kwa mdomo, mavazi, kiuno na jina la mtaa, mbele ya umati unaotoa hukumu papo hapo. Ulijengeka Kingston, mji mkuu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mitaa ambako vijana wengi hawakuwa na ajira, shamba wala nyumba, yaani vile vitu ambavyo kwa kawaida humpa mwanamume heshima. Aliyevikosa alijipa heshima kwa alichonacho. Na kwa kuwa waliokosa walikuwa wengi, majigambo yao yakawa pia madai: Jamaika ni sisi.

Hukumu hiyo hutolewa hivi. Selekta ndiye anayepiga santuri. Dijei, kwa Wajamaika, ni mwenye kughani juu ya mdundo, na hapo wasikilizaji wengi wa huku huchanganya. Mdundo mmoja, yaani ridimu, hupokezanwa na waimbaji wengi. Ridimu ya Sleng Teng, aliyoitoa mtayarishaji King Jammy mwaka 1985 kwa kutumia kinanda kidogo cha Casio, imeghaniwa na mamia ya watu. Ala zikiwa zilezile, kinachomtenganisha mtu na mwenzake ni sauti na majigambo yake. Ukitua mstari mkali, watu hupiga mabati na kuta kwa viganja, hupuliza honi na kuinua vidole mfano wa bastola. Zamani wengine walifyatua risasi za kweli angani. Hapo selekta hana budi kuurudisha wimbo mwanzo. Umati ukinyamaza, hakuna rufaa.

Anayejua majigambo ya fasihi simulizi yetu hatashangaa. Mwenye kujigamba hutaja wanawake, ushujaa na mali kwa kutia chumvi, na msikilizaji anajua chumvi imezidi wapi. Kosa la kwanza la wachambuzi ni kuyasoma maneno ya dijei kana kwamba anaungama polisi. Kosa la pili, baya zaidi, ni kudai kwamba yote ni mchezo. Mitaa mingi ya Kingston iligawanywa na vyama vya siasa na kushikwa na wababe wenye silaha, na katika mwaka wa uchaguzi wa 1980 waliuawa mamia ya watu. Bunduki zilizoimbwa zilikuwepo.

Nguvu ya uanaume huu haionekani popote vizuri kama kwa dijei Yellowman. Winston Foster, ndilo jina lake halisi, alizaliwa na ualbino, akalelewa katika vituo vya yatima, katika jamii iliyomhesabu mtu kama yeye kuwa si kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipanda jukwaani akajitangaza kuwa ndiye anayetamaniwa na wanawake kuliko wote, na umati ukamkubalia. Kwa miaka ile hakuna dijei aliyemzidi. Msomaji wa Tanzania, ambako watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, atapima mwenyewe uzito wa jambo hilo. Baadaye dijei wa kike, Lady Saw, alishika silaha hiyohiyo upande wa pili, akawapima wanaume kwa maneno makali kama yao.

Uanaume huu una mpaka wake mchungu: chuki dhidi ya wanaume wanaopenda wanaume. Wimbo wa dijei Buju Banton uliozua vita mwaka 1992 ulizungumzia kuwapiga risasi. Makelele yalipozidi Uingereza na Marekani, Wajamaika wengi waliyachukulia kuwa ni wageni kuwaingilia, na kuutetea wimbo kukageuka uzalendo. Utetezi huo una ufa mkubwa. Sheria ya Jamaika inayoharamisha mapenzi hayo ni ya mwaka 1864, iliyowekwa na Waingereza. Mwaka 2019 Buju mwenyewe aliuondoa wimbo huo katika orodha ya kazi zake. Katika mambo mengine miiko ilikuwa imelegea zamani: kuanzia miaka ya 2000 wacheza dansi wa kiume walivaa suruali za kubana, wakatinda nyusi na kujichubua, bila kuvuliwa uanaume.

Kwa upande wa utaifa, watawala walikuwa na picha yao ya Jamaika: Kiingereza safi, kanisa, na wimbo wa umoja wa watu wa asili nyingi. Mwaka 1964, serikali ilipopeleka muziki wa ska kwenye maonyesho ya dunia New York, iliichagua bendi ya Byron Lee ya watu wa tabaka la juu, ikawaacha The Skatalites. Dancehall, inayoghaniwa kwa Kipatwa, Krioli ya Wajamaika wa kawaida, iliipasua picha hiyo. Usain Bolt aliposhinda Beijing mwaka 2008 alisherehekea kwa kucheza Gully Creepa, mtindo uliotoka kwenye dansi za mitaani, na nchi nzima ikashangilia. Miezi michache baadaye, Februari 2009, tume ya utangazaji ilipiga marufuku redioni nyimbo za ngono za waziwazi. Desemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Bruce Golding aliwaita madijei Vybz Kartel na Mavado wamalize ugomvi wa Gaza na Gully, kambi mbili zilizokuwa zimewagawa hata watoto wa shule. Dola iliyowafungia redio iliwahitaji ili kupata amani.

Afrika Mashariki dai hilo la watu wa mitaani, kwamba nchi ni wao, lilifika mbali zaidi Kampala. Mwanamuziki Bobi Wine, aliyekulia mtaa wa Kamwokya na kughani kwa mtindo wa raga, ndugu wa dancehall, alijiita Rais wa Geto. Mashairi yake dhidi ya wapenzi wa jinsia moja yalimkosesha viza ya Uingereza mwaka 2014. Mwaka 2017 aliingia bungeni, na mwaka 2021 aligombea urais wa Uganda wenyewe.