Rotari kula oili si ugonjwa

Kwenye gereji za Tabora, gari likipunguza oili hukumu ni moja: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Kwa injini ya pistoni mara nyingi ni kweli. Kwa injini ya rotari, kama ya gari la Mazda RX-8, hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Rotari haina pistoni wala valvu. Rota mbili zenye pembe tatu huzunguka ndani ya hauzingi (ganda la injini), na kila pembe ina sili nyembamba inayosugua ukuta. Pampu ndogo huingiza oili kidogo kidogo humo kwa makusudi ili kulainisha sili hizo, nayo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo pima oili kwa stiki kila unapojaza tangi, uongeze panapopungua. Kusubiri siku ya sevisi ndiko kunakoua injini.

Kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, nako kuna mtego: kila rota ina nyuso tatu, na geji ya kawaida hushikilia namba ya uso wenye nguvu zaidi tu. Toa kivalvu cha geji kinachoshikilia namba, piga stata, tazama sindano. Miruko yote mitatu ya sindano, mmoja kwa kila uso, ilingane. Mmoja ukilegea, huenda sili imekwisha.