Je, wajua maabara hupimaje kama mmea kweli unaponya kidonda?

Watu wamepaka mshubiri kwenye vidonda na majeraha ya moto kwa vizazi vingi. Tatizo ni kwamba kidonda kidogo hupona chenyewe hata kisipopakwa kitu. Ndiyo maana maabara huanza kwa kukwaruza seli.

Seli za ngozi, mara nyingi aina ya HaCaT (seli za ngozi ya binadamu zinazozaliana maabara bila kikomo), hukuzwa kwenye sahani yenye visima 24 mpaka zifunike sakafu yote ya kisima. Ncha ya pipeti (kifaa cha kunyonyea na kupimia kimiminika) ya maikrolita 200 huburutwa katikati mara moja tu, na pengo linalobaki ndilo kidonda. Seli zilizong'oka lazima zioshwe, la sivyo zitajishikiza upya ndani ya pengo na kulifanya lionekane linaziba. Sahani hutiwa alama kwa chini ili picha za saa 0, 12 na 24 zipigwe palepale.

Dawa yenyewe inataka uangalifu zaidi. Jani la mshubiri likishakatwa husimamishwa ili utomvu wa njano uchuruzike. Utomvu huo una aloini, nayo inakera. Ukichanganyika na jeli ya ndani ya jani, hutajua kipi kimefanya kazi. Dondoo, yaani viini vya mmea, lililotolewa kwa pombe mara nyingi huyeyushwa kwa DMSO, kiyeyushi ambacho kikizidi huua seli. Dondoo la miligramu 100 kwa mililita likizimuliwa mara 1,000 huwa maikrogramu 100 kwa mililita, na DMSO hubaki asilimia 0.1. Visima vya kulinganishia navyo vitiwe DMSO kiasi hichohicho, bila dondoo. Bila hivyo jaribio halina maana.

Pengo likiziba, je, seli zimesogea au zimezaliana? Ili kutenganisha mambo hayo, seramu, majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli ili zizaliane, hupunguzwa hadi asilimia 1 au chini, au hutumika dawa ya mitomaisini C kuzuia seli zisigawanyike.

Hata hivyo, kwenye sahani hamna damu, bakteria wala kinga ya mwili. Anayetangaza "dawa ya vidonda" kwa picha hizo peke yake ameharakisha mno. Hatua inayofuata ni panya, nako kuna mtego: ngozi yake imelegea, ina msuli mwembamba chini yake, hivyo kidonda hujifunga kwa kujikunja, wakati cha binadamu hutegemea zaidi nyama mpya. Kwa sababu hiyo pete ya silikoni hubandikwa na kushonwa kuzunguka kidonda ili kisijikunje, kisha tishu hupimwa haidroksiprolini, kijenzi cha kolajeni, kujua kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) imejengeka kiasi gani.