Kichocheo hakisogezi msawazo, jamani

Nimeulizwa tena: "Si chuma ndicho kinachofanya amonia iwe nyingi?" Hapana. Amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni, na chuma ni kichocheo tu, yaani kinaharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Kinaharakisha kwenda (amonia kuundwa) na kinaharakisha kurudi (amonia kuvunjika), kwa kiasi kilekile. Naitrojeni moja kwa haidrojeni tatu, presha ya angahewa 200, nyuzi 400: mchanganyiko ukifika msawazo, yaani kwenda na kurudi kukilingana kasi, amonia ni karibu asilimia 36. Panda hadi nyuzi 500, inabaki kama 18. Weka chuma au usiweke, namba ni hizohizo. Bila chuma utazisubiri mpaka uote mvi.

Watu wanachanganywa na hili: kichocheo kizuri kinakuruhusu kushusha joto, na joto likishuka ndipo msawazo unaegemea amonia. Kazi imefanywa na joto, sifa anapewa chuma.

Presha haina mengi. Molekuli nne (naitrojeni moja, haidrojeni tatu) zinakuwa mbili za amonia, kwa hiyo kubana kunasaidia. Viwanda vingi vipo baa 150 hadi 250 (baa moja ni karibu sawa na presha ya angahewa moja). Ukizidi hapo kompresa inakula faida.

Kinachonikera hasa ni "nyuzi 450" inayokaririwa kama namba ya simu, eti ndilo joto la kutengenezea amonia. Ndani ya riakta, chombo ambamo mmenyuko unafanyika, hakuna joto moja! Mmenyuko unatoa kilojuli 92 kwa kila moli ya naitrojeni. Gesi inaingia tabaka la kwanza la kichocheo ikiwa na nyuzi 400 hivi, inatoka ikikaribia 500. Amonia inapanda huku kikomo cha msawazo kinashuka. Vikikutana, kazi imesimama, hata uongeze kichocheo gunia zima. Ndiyo maana kichocheo hugawanywa matabaka, na katikati gesi hupozwa, ama kwa kuchanganywa na gesi baridi ama kwa kupitishwa kwenye kibadilisha joto. Usipopoza vya kutosha, tabaka la pili linakaa bure. Ukipoza kupita kiasi, riakta nzima inaweza kuzimika, kwani gesi inayoingia inapashwa na joto la gesi inayotoka.

"Lakini tukiondoa amonia, msawazo unasogea kulia, upande wa amonia." Taratibu. Amonia haichotwi ndani ya riakta. Gesi inatoka na amonia asilimia 15 hadi 20, inapozwa nje, amonia inakuwa kimiminika, iliyobaki inarudishwa mwanzo. Agoni na methani zinazoingia pamoja na gesi haziliwi na mmenyuko, zinarundikana kwenye mzunguko, hivyo sehemu ya gesi lazima iachiwe muda wote, na haidrojeni ya gharama inaondoka nayo.

Na nikiri: kanuni ya Le Chatelier yenyewe, ile isemayo ukigusa msawazo unasogea kupinga ulichofanya, huwa siiamini nikiwa nimefumba macho. Chukua mchanganyiko ulio kwenye msawazo, naitrojeni ikiwa tayari zaidi ya nusu. Shikilia joto na presha palepale, ongeza naitrojeni. Amonia inavunjika! Naitrojeni ya ziada inapunguza sehemu ya haidrojeni kwenye mchanganyiko, na haidrojeni kwenye hesabu ya msawazo ina kipeo cha tatu (inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu). Naitrojeni, yenye kipeo cha kwanza, haiwezi kufidia.