Noia: maana yake kwa Giacomo Leopardi

Novemba 1819, kijana wa miaka 21 alimwandikia rafiki yake, Pietro Giordani, kutoka Recanati, mji mdogo ulio juu ya kilima katika mkoa wa Marche nchini Italia. Alimweleza kwamba kama angerukwa na akili saa ile, wazimu wake ungekuwa wa kukaa tu: macho yameduwaa, kinywa wazi, mikono katikati ya magoti, hacheki wala halii, na hasogei mpaka alazimishwe. Kilichomfikisha hapo alikiita noia. Alishaizoea ikimlemea na kumchosha, lakini sasa, aliandika, ilikuwa ikimrarua kama maumivu makali.

Katika Kiitalia cha kila siku, noia ni kule kuchoshwa na kitu au na muda wenyewe: foleni isiyosogea, hotuba isiyokwisha, mchana wa Jumapili usio na la kufanya. Kwa Giacomo Leopardi neno hilo lina kina kingine kabisa. Watu wengi humtaja kama mshairi wa huzuni kisha wakampita, na kwa maoni yangu wanamkosa. Anayetaka kumwelewa aanze na noia.

Msingi wake aliuweka Julai 1820 katika daftari lake kubwa, Zibaldone, aliloliandika kuanzia 1817 hadi 1832 likafika kurasa 4,526 za mkono. Hoja yake ni hii. Nafsi ya binadamu inatamani raha isiyo na mpaka, wala wa muda wala wa ukubwa. Lakini kila raha tunayoipata ina mpaka. Anatoa mfano wa farasi: ukitamani kuwa na farasi, unadhani unamtamani farasi yule, kumbe unachokitamani ni raha yenyewe, ile isiyopimika, na farasi ndiye umbo iliyolivaa siku hiyo. Unampata, unampanda, na baada ya siku chache kiu iko pale pale. Farasi hana kosa lolote. Angekuwa mzuri mara kumi zaidi, bado angekuwa farasi mmoja.

Kiswahili kina neno kukinai. Aliyeridhika na alichonacho amekinai, na aliyekula kitu kimoja hadi kikamchukiza naye amekinai. Noia ya Leopardi iko nje ya maana zote mbili. Ni hali ya nafsi ambayo kwa umbile lake haiwezi kukinai, inapokuwa haina hata kitu kimoja cha kuisahaulisha jambo hilo. Oktoba 1823 aliandika kwamba noia ni hamu ya furaha iliyobaki tupu, bila kuchanganyika na chochote. Mwenye maumivu anahangaika na maumivu yake, na mwenye raha ameshughulishwa na raha yake. Mwenye noia anabaki na hamu peke yake, anaisikia yote.

Mwaka 1824 alilieleza jambo hilo kwa mfano ambao sijaona unaouzidi. Ni katika mazungumzo aliyoyatunga baina ya mshairi Torquato Tasso, aliyefungiwa chumbani, na pepo wake anayemtembelea. Noia, wanakubaliana, ni kama hewa. Ondoa kiti chumbani na hewa inashika mahali pake papo hapo, huwezi kuiona nafasi ikibaki tupu. Vivyo hivyo katika maisha, kila mahali ambapo raha au uchungu vimeondoka, noia imeshaingia. Tasso anauliza dawa yake. Anajibiwa: usingizi, kasumba, na maumivu. Tena maumivu ndiyo dawa kali kuliko zote, kwa sababu anayeumia hana nafasi ya kuchoshwa.

Leopardi alijua anachokisema. Baba yake, kabaila Monaldo, alikuwa na maktaba ya maelfu ya vitabu, na mtoto alijifungia humo kwa miaka saba akisoma kama mwendawazimu, kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mwili ukadhoofika na mgongo ukapinda. Mwaka 1819 macho yalimgomea, asiweze hata kusoma. Alijaribu kutoroka nyumbani, akazuiwa.

Mwaka huohuo wa barua ile aliandika L'infinito, shairi la mistari 15. Mtu ameketi kwenye kilima, na mbele yake ua wa vichaka unamziba asione upeo wa macho. Kwa kuwa haoni, akili inajitengenezea anga zisizo na mwisho na ukimya usio wa dunia hii. Ua ungeondolewa, angeona mashamba na milima, na mambo yangeishia hapo. Kwa Leopardi, njozi ndiyo pekee inayoweza kuipa nafsi kitu chenye ukubwa unaokaribia hamu yake.

Kungoja nako kunasaidia, na aliliandikia hilo shairi mwaka 1829, kuhusu Jumamosi jioni kijijini. Msichana anarudi kutoka mashambani na mzigo wa majani na maua mkononi, watoto wanapiga kelele uwanjani, na usiku wa manane, taa nyingine zote zikiwa zimezimwa, seremala bado anasikika akipiga nyundo na kukata kwa msumeno ili amalize kabla hakujapambazuka. Hiyo ndiyo siku tamu kuliko zote saba. Jumapili yenyewe italeta huzuni na noia, na kila mtu atakuwa ameshaanza kuwaza kazi.

Alifariki Napoli tarehe 14 Juni 1837, akiwa na miaka 38. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1845, anaiita noia hisia tukufu kuliko zote za binadamu kwa namna fulani. Kutazama ulimwengu wote, nyota na anga zake, na bado kuona ni mdogo kuliko nafasi iliyo moyoni mwako: kwake hiyo ndiyo alama kubwa zaidi ya ukuu wa mtu. Wanyama, anasema, hawaijui, au wanaijua kidogo sana.

Ndiyo maana katika shairi lake la mchungaji anayehamahama nyikani Asia, mchungaji anawageukia kondoo wake usiku, chini ya mwezi. Wao wamelala kivulini, wametulia, wameridhika. Anawauliza, kama wangejua kusema wamwambie: kwa nini kila mnyama akijilaza anapumzika, na yeye akijilaza noia inamvamia?