Makumbusho ya volkano yamtoe mgeni nje: tunachojifunza Olduvai na Laetoli

Watu wengi wanaosimama Olduvai, lile korongo la kaskazini mwa Tanzania, wako njiani kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti, kichwani wana simba na nyumbu, dereva kashawaambia hapa tuna saa moja tu, basi wanashuka, wanaingia chooni, wanapiga picha mbili tatu za korongo alafu hao wameondoka. Kwa sisi tunaohusika na elimu ya makumbusho hiyo saa moja ndo mtihani wenyewe. Unafanyaje mtu aondoke akijua kwamba alikuwa amesimama juu ya majivu ya volkano, na kwamba bila hayo majivu tungejua kidogo sana kuhusu zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, walioishi pale?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwenye ardhi ya volkano kitu kikubwa cha kuonyesha kiko nje, jengo kazi yake ni kumfundisha mgeni namna ya kuangalia alafu limtoe nje akaangalie mwenyewe. Ukijenga ukumbi mzuri wenye skrini kila kona na madirisha umeyafunga ili mwanga usiharibu vidio, umemnyima mtu kile alichokifuata.

Chukua ule ukingo wa korongo. Kina chake ni takriban mita 90, na ukitulia unaona kabisa kwamba ukuta umepangika kwa rangi: chini kabisa lava nyeusi ya basalti, juu yake matabaka ya kijivu na ya rangi ya mchanga, alafu linakuja tabaka jekundu ambalo hata mtoto wa darasa la pili analiona bila kuonyeshwa, na ule mnara mwekundu uliobaki umesimama wenyewe katikati ni sehemu ya tabaka hilo. Katikati ya hayo kuna mistari myepesi ya majivu yaliyorushwa na volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, kwa matabaka ya chini hasa Olmoti. Sasa hapo ndo pa kuweka kibao, pale pale mtu anaposimama, kibao kimechorwa ukuta huo huo kwa rangi hizo hizo, maneno machache, na kipande cha majivu yaliyogeuka mwamba kimefungwa vizuri ili kila anayepita akiguse. Ukikipitisha kidole unasikia kinakwaruza, na jua likikipiga unaona vichembe vinavyometameta ndani yake. Hivo vichembe vina habari nzito kuliko vinavyoonekana.

Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la yule zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus. Mumewe Louis Leakey, mtafiti mwenzake, alikadiria umri wake kuwa kama miaka laki 6. Mwaka 1961 yakatoka majibu ya vipimo vya majivu yaliyokuwa pamoja na fuvu, miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio. Vipimo vinafanyaje kazi? Kwenye vichembe kuna potasiamu, na aina moja ya potasiamu inageuka taratibu mno kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka gesi inatoroka, ukishapoa na kuganda gesi inaanza kunaswa humo ndani, kwa hiyo ukipima agoni iliyojikusanya unajua chembe iliganda lini, yaani volkano ililipuka lini. Mfupa wenyewe haukupimwa, kilichopimwa ni majivu. Hii nadhani ndo habari moja ambayo mgeni wa saa moja akiondoka nayo tumefanya kazi.

Fuvu halisi liko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, Olduvai utaona nakala, na wapo wageni wanaosikitika wakiambiwa hivo. Mimi nawaambia ukweli bila kuficha, alafu nawaonyesha mahali lilipotoka, maana Dar haiwezi kukuonyesha mahali hapo.

Laetoli, kusini ya Olduvai, ni ngumu zaidi kwa mtu wa maonyesho. Miaka kama milioni 3.66 iliyopita volkano ilirusha majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, wanyama wakapita, zamadamu wakapita kwa miguu miwili, majivu yakakauka na kuwa magumu kama saruji alafu majivu mengine yakafunika. Nyayo zilichimbuliwa 1978 na 1979. Zikiachwa wazi mvua, mizizi ya migunga na miguu ya mifugo itazimaliza, kwa hiyo zilifukiwa upya kwa utaalamu miaka ya 90. Ndo hivo, kitu chenye thamani kuliko vyote kimezikwa makusudi na ni sawa kabisa kizikwe. Alafu mwaka 2014, wakati watafiti wanakagua eneo kwa sababu kulikuwa na mpango wa kujenga makumbusho pale, wakachimba mashimo ya majaribio ya mita 2 kwa 2, jumla 62, na kwenye baadhi wakakuta nyayo nyingine, kama mita 150 tu kutoka zile za kwanza! Fikiria msingi ungemwagwa zege bila kukagua. Mchoro wa jengo kwenye ardhi ya namna hii usianze kabla ya shimo la mtafiti.

Wenzetu nje wamejaribu njia tofauti. Ufaransa kule Auvergne kuna Vulcania, ilifunguliwa 2002, mbunifu Hans Hollein aliizamisha sehemu kubwa chini ya ardhi, mgeni anateremka kwenye mwamba wa volkano. Hawaii walikuwa na Jaggar Museum ukingoni kabisa mwa volkano ya Kilauea, unatoka mlangoni unaona kreta yenyewe, hakuna dirisha bora kuliko hilo, lakini mlipuko wa 2018 ukaja na matetemeko, jengo likapata nyufa, likafungwa na halikufunguliwa tena. Ukaribu una gharama yake, na anayejenga karibu na Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano wa kwetu uliolipuka vikali 2007 na 2008, ahesabu hiyo gharama mapema.

Lengai kwa kweli unastahili chumba chake. Lava yake ni ya kipekee duniani kwa volkano zilizo hai leo, inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati lava ya kawaida inapita 1,000, inatoka nyeusi na ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Lakini usimueleze mgeni kemia tupu. Kwa Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, watu wanaenda kusali pale, na mfugaji anayechunga chini yake ndo wa kwanza kuona majivu kwenye majani ya ng'ombe wake. Sauti yake irekodiwe kwa Kimaa na isikike humo ndani, na asiitwe siku ya uzinduzi tu akaimbe, aitwe siku ya kuchora ramani ya jengo.

Kwa watoto wa shule ningeanzia kwenye ule mchanga mweusi unaohama, sio mbali na makumbusho ya Olduvai. Ni majivu ya volkano yaliyokusanywa na upepo yakawa kilima chenye umbo la mwezi mchanga, kinasogea zaidi ya mita 10 kwa mwaka, na kuna alama za kuonyesha kilikuwa wapi miaka ya nyuma. Mpe mtoto sumaku aichomeke mchangani, ikitoka na ndevu nyeusi maswali atayauliza mwenyewe.

Kama unapanga kwenda, ongea na dereva kabla hamjatoka Karatu mtenge nusu siku, na ukifika omba muongozaji akushushe chini korongoni hadi kwenye jiwe la kumbukumbu pale fuvu lilipoonekana. Beba maji na kofia, kule chini jua ni kali na kivuli hakuna.